Kabla hujainua Land Cruiser yako, ipeleke kwenye mizani

Jumamosi iliyopita nilikuwa gereji, Unga Limited hapa Arusha, nabadilisha bushi za nyuma, mara akaingia mdogo wetu mmoja tuliyewahi kufanya naye kazi. Ana Land Cruiser 78 iliyorefushwa, ya paa la kufunguka. Hajazima hata injini, mafundi walishaweka spana chini. Gari limeinuliwa inchi nne, limevaa matairi ya inchi 35 yenye meno kama ya trekta, limesimama kama twiga anayechungulia dirisha la ghorofani.

"Kaka, unaionaje?"

Nikamwambia imependeza. Na kweli imependeza, na siku ile hakuwa anatafuta neno zaidi ya hilo. Haya yanayofuata ndiyo niliyoyameza.

Arusha tunachagua springi kwa macho. Gari tupu likikaa juu tunasema limenyooka. Nyuma ikishuka kidogo tunakimbilia kwa fundi: niongezee springi moja. Wa kuuliza gari limebeba kilo ngapi simwoni. Mimi mwenyewe nimeendesha wageni miaka mingi kabla swali hilo halijanijia, na lilinijia baada ya hasara.

Hebu tupige hesabu ya safari ya kawaida. Wageni sita kwa kilo 75, hiyo ni 450. Mimi 80. Mabegi sita ya kilo 15, kilo 90. Matangi mawili ya lita 90 yakijaa ni lita 180 za dizeli, kama kilo 150. Spea mbili na rimu zake, 70. Katoni sita za maji, 70 nyingine. Friji, betri ya pili, jeki, koleo, sanduku la vifaa, chakula cha mchana, tuseme 100. Umefika tani moja, na bado hujahesabu chuma kilichoongezwa siku bodi inarefushwa. Karibu mzigo wote huo unakaa nyuma ya kiti cha dereva.

Siku moja niliomba kupima kwenye mizani ya ghala la mahindi. Kijana wa mizani alidhani natania, nikampa hela ya soda akakubali. Gari lilikuwa limejaa kama la safari. Badala ya wageni niliweka mifuko ya simenti. Tukapandisha matairi ya mbele peke yake, kisha gari zima, tukatoa. Ekseli ya nyuma: kilo 2,180. Gawa kwa mbili, kila tairi la nyuma limebeba 1,090.

Nikainama kusoma ubavu wa tairi. Yalikuwa 265/70R16, niliyapata kwa bei ya kutupa, na baada ya saizi kuna namba ndogo ambayo wengi wetu hatuisomi: 112. Namba hiyo ni uwezo wa kubeba, na 112 maana yake kilo 1,120. Nilikuwa nimebakiwa na kilo 30. Hapo gari limesimama kwenye zege. Likiingia shimo kwa kasi ya 60, hizo 30 zinaliwa kabla hujakanyaga breki. Ndipo nilipoelewa kwa nini msimu ule nilikuwa napasua matairi ya nyuma tu, nami nikawa namlaumu Mungu na mawe.

Turudi kwenye springi. Kampuni za maana zinauza springi za nyuma kwa kiwango cha mzigo wa kudumu: hii ya gari tupu, hii ya kilo 300 muda wote, hii ya 600. Neno la kuangalia hapo ni kudumu. Ukifunga ya 600 na nusu ya maisha yako unatembea mtupu, gari litaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba na abiria watakuchukia. Mimi karibu kila siku niko na wageni, kwa hiyo nafunga nzito na nikirudi mtupu kutoka Seronera navumilia. Lakini wewe unayekwenda ofisini kutoka Njiro na kupeleka familia Tarangire mara mbili kwa mwaka, acha springi za kiwandani kama zilivyo. Nunua shokapu nzuri, basi.

Ile ya kuongeza kipande nimeshailipia. Fundi alinichomekea kipande kimoja kigumu cha springi ya Fuso chini ya springi zangu za bapa, na gari likanyanyuka, nikafurahi. Safari ya tatu, tumeshapita njia panda ya Olduvai tunaelekea Naabi, geti la Serengeti, nikasikia mlio kama wa bunduki. Mama mmoja mgeni akauliza kama ni majangili. Nikaingia chini ya gari. Springi za kiwandani zinataka kupinda zote kwa pamoja, kidogo kidogo, na kipande cha Fuso hakipindi. Kwa hiyo za juu yake zilikuwa zinakunjwa sehemu ile ile kila siku, pale ncha ya kile kigumu inapoishia. Mbili zimekatika hapo hapo, safi kama zimepitishwa msumeno. Cha Fuso kizima, kinang'aa, hakina hata mkwaruzo. Tukakata gogo tukaliweka kati ya ekseli na chesisi, tukafunga kwa mnyororo, tukatambaa kwa 20 hadi getini. Simba tuliowaona siku ile waliona gari letu zaidi ya tulivyowaona wao.

Shokapu ndiyo kitu ninachokipigia kelele kuliko vyote, kwa sababu haionekani kwenye picha. Springi kazi yake ni kubeba. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza, na inafanya hivyo kwa kugeuza mtikisiko kuwa joto ndani ya mafuta yake. Ukitoka Loduare, geti la Ngorongoro, ukaacha lami na kuanza zile mbavu za barabara za kushuka kuelekea Serengeti, shokapu haipumziki hata sekunde. Mafuta yakichemka yanatoa povu, na povu halina nguvu ya kuzuia kitu. Ndiyo maana kuna gari linatulia vizuri mpaka Malanja, halafu kabla ya Naabi linaanza kuogelea.

Kwa hiyo nina mazoea yangu. Tukifika Naabi, wageni wakienda chooni na kupanda kile kilima, mimi nazunguka gari na kuzigusa shokapu zote nne kwa mgongo wa kiganja, haraka, kama unavyogusa pasi. Zinatakiwa ziwe za moto, na zikaribiane. Ukikuta tatu zinaunguza na moja ni vuguvugu, hiyo moja imekufa, haifanyi kazi, wenzake wanaibebea. Watu wengi wanadhani ya moto ndiyo mbovu. Nilishamwona dereva anabadilisha nzima na kuiacha iliyokufa.

Sasa kuhusu kuinua. Inchi mbili sina ugomvi nazo, mara nyingi ukifunga springi sahihi za mzigo wako unazipata bila kuzitafuta. Nne ni habari nyingine. Gari hili tangu 1999 mbele lina koili na ekseli ya kipande kimoja. Ukiinua sana, ekseli inajizungusha kidogo, usukani unapoteza ule ukaidi wa kujirudisha katikati, na kwenye lami unaanza kuendesha kwa kusahihisha sahihisha. Bushi maalumu za kurekebisha pembe hiyo zipo, lakini ni nadra kumwona mtu anazinunua pamoja na springi. Shokapu nayo ikibaki fupi, springi ikinyooka inaning'inia kwenye shokapu mpaka inang'oa kishikio. Na ukumbuke kazi yetu: paa limefunguliwa, wageni sita wamesimama. Chui akiwa mti wa kushoto, wote sita wako kushoto. Sitaki kuwa juu zaidi ya hapo nilipo.

Matairi ya inchi 35 yana hila zake. La kawaida la gari hili, 235/85R16, lina kimo cha milimita 806 hivi. La 35 ni 889. Tofauti ni asilimia kumi, maana yake kipima mwendo kikikuonyesha 50 wewe uko 55. Ingia hivyo Mto wa Mbu ukutane na trafiki mwenye tochi, umweleze habari ya kimo cha tairi. Na ile injini ya 1HZ, lita 4.2 bila tabo, Mungu aibariki haifi, lakini ukiivisha magurudumu hayo ukapanda ukingo wa Ngorongoro na wageni sita, utasikia inavyolalamika.

Meno makubwa yana faida kwenye tope lenye chini, yaani tope ambalo tairi likichimba linakuta kitu kigumu. Udongo wetu mweusi wa mbuga hauna chini. Unanata, unajaza meno yote ndani ya mizunguko miwili, na hapo tairi lako la bei mbaya ni andazi. Wakati huo huo, kutoka Arusha mpaka Loduare ni lami kilomita kama 150, na meno yale yanaunguruma njia nzima. Mgeni wa kiti cha nyuma anadhani difu inakufa.

Mimi navaa 235/85R16 za njia zote, namba ya uwezo 120, yaani kilo 1,400 kila moja. Ukiipanga na 265/75R16 vimo ni karibu sawa, tofauti ni sentimita tatu za upana. Wenzangu wanapenda ile pana kwa sababu inajaza fenda. Nyembamba inapita kati ya mawe ambapo pana ingegongwa, haivuti sana usukani, na nikikwama Karatu jioni fundi pancha hakosi angalau 7.50R16 ya kuniazima, ambayo kimo chake kinakaribiana na changu. Tairi ambalo halipatikani Karatu, kwangu mimi halipo.

Na soma tarehe. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za wiki, mbili za mwaka. Mwaka 2023 niliuziwa manne "mapya kabisa" mjini hapa, duka silitaji. Yanang'aa, nywele zake bado zipo. Nimefika nyumbani nikageuza upande wa ndani: 1418. Wiki ya 14 ya mwaka 2018. Miaka mitano yamekaa stoo yakikauka. Niliporudi muuzaji akanitazama kwa huruma: "Mzee, hiyo ni namba ya mashine tu." Mtumba wa tairi ndiyo usiseme.

Kitu cha bei ndogo kuliko vyote hivi ni geji ya upepo, na ndicho kinachokosekana kwenye magari mengi. Tairi ni sehemu ya springi. Ni springi ya kwanza kabisa kukutana na barabara. Kwa gari langu, na nasisitiza langu, likiwa limejaa naweka paundi 50 nyuma na 38 mbele kwa lami. Nikifika Loduare nashusha mpaka 38 na 30, napunguza mwendo, na mbavu za barabara zinageuka kitu cha kuvumilika. Njia ya Engaruka kwenda Natron siteremshi sana, maana tairi likilegea ubavu unatoka nje, na mawe ya kule yana makali. Asubuhi pima tairi likiwa baridi, pima tena baada ya saa moja ya lami. Likiongezeka paundi nne mpaka sita uko sawa. Likipanda zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo na tairi linajipika lenyewe.

Jumatano yule mdogo wangu akanipigia kutoka Makuyuni. Usukani unaogelea, anasema, na gari linavuta kushoto. Nikamwuliza upepo ngapi.

"Sijui kaka, nilijaziwa Kisongo."

"Pima sasa hivi."

Kimya kidogo. Hana geji. Nimemwambia aende 60 mpaka Karatu, na Jumapili akirudi apitie kwangu, geji ya pili ninayo kwenye dashibodi. Na asije na gari limepoa, nataka kuzigusa zile shokapu.