Kong'o Kong'o, Laki Nne

Gari langu limeanza kupiga hodi. Kila nikivuka tuta, kong'o kong'o upande wa kushoto, utadhani kuna mtu amefungiwa huko chini. Ni Corona Premio ya 1998. Tangu 2018 serikali ya Uganda imezuia kuingiza nchini magari yaliyofikisha miaka 15, langu likawa limeshapita mlango ungali wazi. Nahisi linajua. Linadeka.

Nikalipeleka kwa fundi. Hakuinama wala hakugusa gurudumu. Alisikiliza kong'o moja tu, akashusha pumzi ya daktari: "Mzee, shokapu. Mbili za mbele. Laki nne."

Laki nne! Kwa laki nne napanda teksi Bombo hadi Kampala mpaka makonda waniite shemeji. Nikasema hapana, Jumapili nalipima mwenyewe uani.

Kosa langu, kazi niliifanya mchana. Hapa Bombo ukivaa ovaroli tu, majirani wanatoka kama kumbikumbi baada ya mvua. Wa kwanza kufika ni Afande wa nyumba ya pili. Jeshini amestaafu, sauti bado iko kazini.

"Kandamiza kona!"

Nikakandamiza.

"Achia!"

Nikaachia. Gari likainuka, likatulia. Shokapu iliyochoka haitulii, inanesa mara tatu, nne, ndiyo inakumbuka kusimama. Tukazunguka kona zote nne, kilichobaki kikinesa ni kiuno changu. Nikachungulia nyuma ya gurudumu: shokapu kavu, vumbi jekundu tupu, hata jasho la oili halipo. Sasa laki nne ilikuwa ya kutibu nini?

Tukaleta jeki. Magurudumu ya nyuma tukayazuia kwa matofali, na stendi nikaazima, maana gari lililoshikwa na jeki peke yake mimi silipi hata mguu. Mkono mmoja juu ya gurudumu, mwingine chini, nikatikisa. Kimya, kwa hiyo boli jointi na beringi ni wazima. Mkono kushoto, mkono kulia, nikatikisa tena. Kimya, ncha za stelingi hazina neno. Nilikuwa nimelibana lile gurudumu kifuani, macho nimefumba nisikie vizuri, Mama Zaina akatokea mlangoni na mwiko wa posho.

"Baba Zaina, hilo gari unalikumbatia hivyo, mimi je? Mara ya mwisho ilikuwa Idi."

Afande akageuka kutazama mwembe.

Tukalishusha. Nikakata stelingi mpaka mwisho, gurudumu likafungua nafasi, nikapenyeza mkono kukamata kile kifimbo chembamba kinachounganisha shokapu na stabilaiza, kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona. Linki. Ya kulia niliitikisa, ikanigomea. Ya kushoto, tak! tak! tak! Mpira umepasuka, grisi imekauka, inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Wallahi nilipiga kelele mpaka kuku wakahama. Kitu cha urefu wa mkono wa mwiko ndicho kilichotaka kuninyang'anya laki nne!

Linki mpya niliipata Kampala, sokoni Kisekka, 35,000. Jioni nikashika spana nikijiona fundi mkuu. Nati ikazunguka. Ikazunguka tena. Dakika ishirini inazunguka, haitoki, kwa sababu kutu imeishika na ile bolti yake, vinazunguka pamoja kama maharusi. Afande akaiamuru: "Toka!" Haikutoka. Alivyonieleza, katika miaka yote ya utumishi wake hakuna aliyewahi kumdharau hivyo. Mimi nilitoka na ngozi ya vidole viwili pungufu.

Jumatatu asubuhi, kong'o kong'o, huyo nikarudi kwa fundi yuleyule. Nikashuka na linki yangu mkononi, nikamsomea mashtaka: kona zimekandamizwa, gurudumu limetikiswa, shokapu kavu, mkosaji huyu hapa. Akanisikiliza hadi mwisho. Safari hii akainama kweli, akapenyeza mkono, tak tak.

"Mzee, umesema kweli. Ni linki." Akafuta mikono kwenye kitambaa. "Na kwa sababu umenitafutia ugonjwa, kufunga nitakufungia bure."

Nikamshika mkono kwa furaha.

"Wewe niletee tu zile shokapu mbili."