Akaunti ya Aliyeondoka Isirithiwe

Ofisi nyingi za mawakala wa forodha hapa Mombasa, hasa zile ndogo zilizobanana kwenye ghorofa za Moi Avenue, zina mazoea yanayonikera. Karani akiacha kazi na mwingine akaajiriwa, fundi wa kompyuta anaambiwa, "Si ubadilishe jina la akaunti tu, bwana, kazi iendelee." Naye anabadilisha. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, ni amri moja, usermod -l, na kabla chai haijapoa karani mpya yumo ndani ya seva.

Mimi napinga, tena kwa nguvu. Kwa mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwemo, jina ni la kutusaidia sisi binadamu tu. Faili hazihifadhi jina la mwenyewe, zinahifadhi nambari yake, ile UID iliyo sehemu ya tatu kati ya saba katika kila mstari wa /etc/passwd, faili yenye orodha ya akaunti zote. Sasa chukua salim, nambari 1007, umgeuze awe mwanaisha. Nambari haikuguswa. Kwa hiyo kila hati aliyoiandika Salim mwaka juzi leo inasoma kwamba ni ya Mwanaisha. Siku watu wa forodha wakiuliza nani aliandaa orodha ya kontena fulani, ls -l, amri inayoorodhesha faili na wenyewe, itamtaja binti ambaye wakati huo alikuwa bado chuoni.

Tena amri hiyo haibadilishi kingine chochote. Folda ya nyumbani inabaki /home/salim mpaka uongeze -d (mahali papya) na -m (ihamishe), na hata ukiihamisha, funguo za Salim za SSH, ile njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali bila nywila, zinahama nayo ndani ya authorized_keys, faili ya funguo zinazoruhusiwa. Salim akilijua jina jipya, na seva ikiwa inafikika kwa intaneti, anaingia akiwa Dubai, na kumbukumbu za seva zinaandika mwanaisha.

Wengine hukimbilia kufuta akaunti. Nako kuna mtego: useradd, amri ya kufungua akaunti mpya, kwa kawaida hutoa nambari inayofuata ile kubwa iliyopo. Ukimfuta aliyeajiriwa mwisho, anayekuja anaokota nambari ileile pamoja na mafaili yote yaliyosahaulika nje ya folda ya nyumbani.

Akaunti ya aliyeondoka ifungwe, ikae. Lakini passwd -l, amri ya kufunga nywila, peke yake haitoshi: inaweka alama ya mshangao mbele ya nywila katika /etc/shadow, faili ya nywila, na mwenye ufunguo wa SSH bado anaweza kupita. Ongeza usermod -e 1, inayoweka tarehe ya mwisho, akaunti ihesabiwe kuwa muda wake uliisha tarehe 2 Januari 1970. (Kubadilisha jina kuna mahali pake, kama herufi zilikosewa siku ya kwanza.)

Na bosi akilalamika kwamba karani mpya anahitaji kazi za Salim, mfungulie Mwanaisha akaunti yake, unakili zile hati anazozihitaji kwenye folda yake, umpe umiliki wa nakala kwa chown, amri ya kubadilisha mwenye faili. Za asili ziache chini ya 1007.