Optane imekufa, DAX isizikwe nayo

Julai 2022 Intel ilitangaza kwamba inafunga biashara ya Optane, teknolojia yake ya kumbukumbu isiyopoteza data umeme ukizimwa, ikaandika hasara ya dola milioni 559 kwa mali iliyobaki ghalani. Swali likaja lenyewe kwa wanaofuatilia kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji: kifaa kikishakufa, msimbo ulioandikwa kwa ajili yake unabaki wa nini? Msimbo huo unaitwa DAX (Direct Access). Ni njia inayoiruhusu programu kusoma na kuandika faili palepale lilipo kwenye kumbukumbu ya kudumu, bila kupitia kache ya kurasa, yaani nakala za faili ambazo kerneli huziweka kwenye RAM. Wanaotaka uondolewe wana hoja, na nitazifikia. Ila wengi wao wanaizungumzia DAX kama draiva ya kifaa kimoja, na hapo ndipo tunapoachana.

Tuchukue hesabu ndogo. Hifadhidata inataka kubadili salio moja tu, baiti 8. Kwa njia ya kawaida kerneli inasoma ukurasa mzima wa baiti 4,096, inauweka kwenye RAM, programu inabadili baiti zake 8 na kuita fsync (amri ya kulazimisha data ihifadhiwe), kisha ukurasa uleule unaandikwa wote upya. Yaani kwa kila baiti iliyobadilika, baiti 512 zinasafirishwa, hapo hujahesabu daftari la mabadiliko la mfumo wa faili wenyewe. Enzi za diski ya kuzunguka hakuna aliyelalamika, maana kungoja kichwa cha diski kulimeza gharama nyingine zote. Lakini moduli ya Optane, iliyochomekwa kwenye nafasi ya RAM, ilisomeka kwa takriban nanosekunde 300. Kwa kasi hiyo, kuingia kwenye kerneli na kunakili ukurasa kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Kwa DAX programu inaandika baiti zake 8, inaiamuru prosesa isukume nje mstari mmoja wa kache yake ya ndani, wa baiti 64, basi. Kutoka 4,096 hadi 64. Nairudia hesabu hii kwa sababu haina jina la kampuni ndani yake. Ni hesabu ya kumbukumbu yoyote inayofikiwa baiti kwa baiti, awe ameitengeneza nani.

Kukomaa kwake kumechukua muda, na muda huo ndio unaolaumiwa. DAX iliingia kwenye Linux 4.0 mwaka 2015 kupitia mfumo wa faili wa ext4, mwingine wa XFS ukafuata mwaka huohuo, na kwa miaka mingi kerneli ikawa inatoa onyo kwamba ni ya majaribio, utumie kwa dhamana yako. Onyo hilo lilikuwa na sababu. Fikiria gunia limeshaingia ghalani ila halijaandikwa kwenye daftari la bohari. Umeme ukikatika, gunia lipo, lakini hakuna anayejua ni la nani. Ndivyo ilivyokuwa: data imefika salama kwenye kumbukumbu, huku mfumo wa faili haujathibitisha kwamba sehemu ile ni ya faili lile. Dawa ilikuja Januari 2018 na Linux 4.15, kwa jina la MAP_SYNC. Kerneli inaandika daftari kwanza, ndipo programu inaruhusiwa kugusa ukurasa. Agosti 2020, toleo la 5.8 likaruhusu kuchagua faili kwa faili badala ya diski nzima.

Huhitaji kifaa kuyaona haya. Kwenye mashine yangu ya majaribio, yenye kerneli ya zamani kidogo, niliongeza memmap=4G!8G kwenye mstari wa kuwashia, na gigabaiti 4 za RAM zikajitokeza kama /dev/pmem0. Nikaziwekea XFS, nikajaribu kuipachika kwa DAX, kerneli ikakataa: DAX na reflink (uwezo wa faili mbili kuchangia data ileile) haziwezi kutumika pamoja. Ilibidi nifomati upya kwa kuzima reflink. Kizuizi hicho kilikuja kuondolewa kwenye Linux 6.0, mwaka huohuo wa 2022 Intel ilipojitoa. Watu walikuwa bado wanaijenga DAX baada ya kujua kwamba Optane haipo tena.

Sasa wapinzani. Wanasema Optane ilikuwa polepole kuliko RAM karibu mara tatu, kwa hiyo data inayosomwa mara kwa mara ingefaidika zaidi na kache ileile tunayoikwepa. Ni kweli. Wanasema ext4 haiwezi kuunganisha DAX na usimbaji wa faili, na kwamba prosesa inahakikisha baiti 8 tu kwa mkupuo, hivyo kazi ya kupanga nini kitangulie imetupiwa mwandishi wa programu. Hayo nayo ni kweli. Hoja yao nzito zaidi ni mzigo kwa watunzaji: hesabu ya watumiaji wa kila ukurasa wa DAX ilikuwa ya namna yake, 1 ikimaanisha ukurasa hautumiki ilhali kwingine kote ni 0, na kila aliyegusa usimamizi wa kumbukumbu alilazimika kukumbuka hilo. Kwa hili nawaunga mkono bila kusita. Lakini mwaka 2025 Alistair Popple wa NVIDIA alirekebisha hesabu hiyo katika Linux 6.15. Mzigo umepungua pasipo kuutupa msimbo.

Tena DAX imeshahama nyumba. Tangu Linux 5.10, virtiofs, mfumo wa kuchangia faili kati ya mashine pepe na mashine mama, inaitumia ili mashine pepe isome kurasa zilizomo kwenye kache ya mashine mama bila kuzinakili. Kata Containers, mradi wa kuendesha kontena ndani ya mashine pepe, hupachika taswira moja ya mfumo kwenye mashine pepe nyingi kwa DAX, RAM ikabeba nakala moja tu. Hapo hakuna Optane hata chembe. Na Micron, iliyojitoa kwenye teknolojia hiyo Machi 2021 ili igeukie CXL (kiungo cha kuunganisha kumbukumbu na prosesa), ndiko walikotoka wahandisi walioleta famfs mwaka 2024, mfumo wa faili wa kumbukumbu inayochangiwa na seva kadhaa. Kila seva ikiweka nakala yake kwenye kache, kuchangia kunakuwa hakuna maana. DAX ndiyo inayowezesha.

Kinachonitia wasiwasi ni majaribio. Ile memmap inafichua makosa ya mantiki, lakini ukizima mashine kila kitu kinatoweka, kwa hiyo haiwezi kukuambia kama data ilikuwa imefika kweli umeme ulipokatika. Hilo linahitaji moduli halisi, na za Optane hazitengenezwi tena. Mwenye seva yenye Optane iliyowekwa pembeni asiipeleke kwenye vyuma chakavu. Aiwashe, aiwekee kerneli mpya, aikatie umeme katikati ya kuandika, kisha atume alichokiona.