Mwacheni mtoto asome Kigiriki

Juzi mtoto wa dada yangu kaandika kwenye grupu la familia kwamba amepata chuo nje, na kozi aliyochagua ni ustaarabu wa kale wa Wagiriki na Warumi, na lugha zenyewe mbili ndani yake, Kigiriki na Kilatini. Nilitegemea vigelegele. Yakaja maswali ya ajira, zikaja stika za kucheka, halafu baba yake mkubwa akatuma voisi akafunga mjadala: mambo ya Wazungu waachieni Wazungu, mtoto akasome uhasibu. Binti akajibu "sawa baba" akanyamaza. Sikutaka kubishana na mkubwa mbele ya watoto, kwa hiyo nasemea hapa, na nitasema yote.

Naanza na hilo la mambo ya Wazungu maana ndilo lililoniuma kuliko yote.

Sote tuliopita Form One tuliikariri Periplus ya Bahari ya Eritrea, tukaandika jina lake kwenye mtihani, tukalisahau. Hivi tuliwahi kujiuliza kile kitabu kinasema nini? Kiliandikwa kwa Kigiriki, katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo, na mfanyabiashara wa Misri ambaye hakuacha jina lake. Anashuka na Bahari ya Shamu, anazunguka Pembe ya Afrika, anafuata pwani anayoiita Azania, anapita kisiwa anachokiita Menouthias mpaka Rhapta, soko la mwisho. Pale Menouthias anaona mashua za kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, anaona watu wanatega vikapu vya kusukwa kwenye mikondo ya maji ili kuvua, na mtu yeyote aliyekulia pwani akifika hapo anaona madema waziwazi, hahitaji kuelezwa. Rhapta anataja pembe za ndovu kwa wingi, pembe za faru, magamba ya ng'amba. Anataja mikuki iliyofuliwa Muza, kule Yemen, makusudi kwa ajili ya soko letu. Anasema divai na ngano zinaletwa, lakini nyingi si za kuuza, ni za kuwafurahisha wenyeji ili biashara iende. Na anasema manahodha Waarabu wanaokuja wamezoeana na watu wa hapa, wameoa hapa, lugha ya hapa wanaijua. Karne ya kwanza hiyo jamani! Kabla ya Kilwa, kabla ya msikiti wa kwanza, kabla ya Mreno. Ukitaka ushahidi wa maandishi kuhusu pwani hii wakati ule, hicho ndicho kitabu, na kimeandikwa Kigiriki.

Sasa naomba msikilize hili vizuri maana ndilo linalonikosesha usingizi. Chukua tafsiri ya Kiingereza ya Wilfred Schoff ya mwaka 1912, utakuta watu wa pwani yetu ni wanaume wenye miili mikubwa na tabia za uharamia. Chukua tafsiri ya Lionel Casson ya mwaka 1989, sentensi ileile, watu walewale, miili mikubwa ileile, lakini sasa ni wakulima wanaolima ardhi. Maharamia au wakulima? Inategemea umefungua kitabu gani. Sababu ni kwamba hati tunayoitegemea ni nakala ya karne ya 10 iliyoko Heidelberg, Ujerumani, na aliyeinakili alikosea kosea sehemu nyingi, hapo nako neno lilivyokaa halileti maana, ikabidi wahariri wakisie mwandishi alikusudia nini. Mmoja anakisia hivi babu zetu wanakuwa wezi wa baharini, mwingine anakisia vile wanashika majembe. Ubishi huo umeendeshwa miaka yote Ulaya na Marekani na sisi hatukuwa mezani. Tulichofanya ni kupokea jibu, tena mara nyingi lile la 1912, likaingia kwenye noti, mwalimu akaandika ubaoni, sisi tukanakili.

Simlaumu Casson, alikuwa msomi hasa na kazi yake naiheshimu. Lakini mtu aliyekulia Mafia au Kibiti, akaijua Kigiriki vizuri, akafungua hati ile (Heidelberg wameipiga picha yote, ipo bure kwenye intaneti), akaangalia herufi kwa macho yake, ataleta mezani vitu ambavyo Casson hakuwa navyo. Anajua mvuvi wa kwetu ana shamba lake la mihogo nyuma ya nyumba. Anajua upepo unageuka lini. Huyo mtu hatumpati kwa kusoma uhasibu, na sisemi hivyo kuwadharau wahasibu, nasema tu kila kazi ina mtu wake.

Na msiniambie hatuwezi. Kuchimba tunachimba wenyewe. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 1999 kuhusu shanga za Kirumi zilizopatikana kule delta ya Rufiji, na tangu hapo mjadala wa Rhapta ilikuwa wapi umepata nguvu nyingine kabisa. Kwa hiyo udongo wetu tunausoma. Maandishi yanayohusu udongo huohuo tunasomewa na wengine, hapo ndipo roho inaponiuma.

Halafu si sisi tu. Hebu nendeni Sudan. Karibu miaka 25 kabla ya Kristo watu wa Kushi walivamia mpaka wa Warumi kule Aswan, wakaangusha sanamu za Kaisari, wakaondoka nazo. Jemadari Petronius akawafuata mpaka Napata akaubomoa mji. Malkia wao hakukubali yaishe hivyo, akarudi na jeshi, mwisho wajumbe wake wakaenda mpaka kisiwa cha Samos kuonana na Kaisari Augusto mwenyewe, na Kaisari akawasamehe kodi. Mwaka 1910 wachimbaji wakakuta kichwa cha shaba cha Augusto huko Meroe, mji mkuu wa Kushi, kimefukiwa chini ya ngazi za hekalu, yaani kila anayeingia anamkanyaga Kaisari kichwani. Kichwa hicho leo kiko British Museum. Habari ya vita yenyewe tunaipata kwa Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa wakati ule, kwa Kigiriki, maana Kimeroe, lugha ya Wakushi wenyewe, mpaka leo haijaeleweka yote. Huyo malkia Strabo anasema alikuwa na jicho moja na moyo wa kiume. Mimi nikisoma habari zake nasisimka mwili mzima, na sioni Uzungu wowote hapo.

Mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia ya leo, karne ya 4, alichonga habari za vita vyake kwenye jiwe kwa Kigiriki pamoja na Kigeezi, lugha ya kale ya kwao. Agustino mtakatifu kazaliwa Algeria ya leo. Kaisari Septimius Severus kazaliwa Leptis Magna, Libya. Naweza kuendelea mpaka asubuhi.

Haya, nakubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande. Wakoloni waliitumia hii elimu vibaya sana. Waingereza walipima vijana wao kwa Kigiriki na Kilatini kisha wakawatuma kututawala, wakijiona wao ndio Roma mpya. Na hata baada ya uhuru, Rais Banda kule Malawi alijenga shule ya Kamuzu Academy, 1981, watoto wa Kimalawi wakafundishwa Kilatini na Kigiriki, lakini walimu akataka Wazungu tu, Mwafrika hakuruhusiwa kufundisha. Hilo lilikuwa tusi na linabaki kuwa tusi. Lakini kosa lilikuwa kwenye nani anaruhusiwa kufundisha na anafundisha kwa nia gani, herufi za Kigiriki hazikumkosea mtu. Vyuo vikuu vya Ibadan, Nigeria, na Legon, Ghana, vinasomesha masomo haya mpaka leo na walimu ni Waafrika. Na seminarini kwetu vijana wanakesha na Kilatini na Kigiriki cha Agano Jipya, familia inachinja mbuzi siku ya upadrisho, hakuna anayewauliza watakula nini.

Kuhusu ajira: wenye degrii za biashara wako mtaani pia, na nawajua kwa majina.

Nikimpata binti pembeni nitamwambia kitu kimoja tu, ashike lugha. Vyuo vingi siku hizi vinakuruhusu umalize degrii ya mambo haya kwa kusoma tafsiri peke yake, hata Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 2021 waliondoa sharti la Kigiriki na Kilatini kwa wanaochukua fani hiyo. Walisema wanataka kufungua mlango kwa wengi, na nia hiyo naielewa, wapo watoto wa shule za kawaida ambao hawakuwahi kupata nafasi ya kuanza mapema. Lakini kwa mtoto wetu naona ni hasara tupu. Akirudi na tafsiri atakuwa amerudi na Schoff na Casson, ambao tunao tayari. Arudi na sarufi, arudi anajua kusoma hati ya mkono, hata kama itamchukua miaka miwili zaidi na machozi juu. Mwaka wa kwanza vitenzi vya Kigiriki vitamtesa, avumilie, Kiswahili chetu nacho kina vitenzi vinavyobeba mambo chungu nzima kwenye neno moja na yeye alivimudu akiwa na miaka mitatu.

Na vyuo vyetu viweke nafasi. Siombi idara nzima na jengo, naomba mwalimu mmoja wa Kigiriki cha kale akae jirani na watu wa akiolojia, wakipata shanga Rufiji wamuite, aje na ukurasa wake wa Periplus na wa Ptolemy, mwanajiografia mwingine wa kale aliyeandika Kigiriki, waviweke pamoja wabishane. Na kwa kuwa mikuki ile ilitoka Muza, atafutwe na wa pili anayesoma maandishi ya kale ya Yemen, maana upande wa pili wa biashara hiyo nao uliandika mambo yake kwenye mawe.