Praktiko ya fizikia mwaka wa kwanza: ugonjwa ni jibu linalojulikana mapema

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza chuoni huingia maabara ya fizikia wakiwa wameshalijua jibu. Mwongozo umewaambia kwamba mchapuko wa kitu kinachoanguka ni 9.81 m/s². Mezani kuna uzi, tufe dogo la chuma na stopuwochi, na kazi yao kwa saa mbili tatu zijazo ni kulifikia jibu hilo. Wakipata 9.79 wanashangilia. Wakipata 9.2, mmoja wao anafuta tarakimu kadhaa kwenye jedwali, anaandika nyingine, na ripoti inapendeza. Aliyepita huko anajua kitendo hicho kinaitwaje: kupika data.

Kozi yenyewe ni ghali kuiendesha. Inataka chumba chake, vifaa vinavyoharibika kila muhula, wasaidizi wa kusimamia na kusahihisha marundo ya ripoti, na inamla mwanafunzi muda usiolingana na alama anazovuna. Ndiyo maana wapo wanaotaka ifutwe, au angalau isiwe ya lazima kwa wasiosomea fizikia. Kwa maoni yangu, watu hawa wameusoma ushahidi vizuri ila wametoa hukumu isiyo yake.

Ushahidi huo si wa kubezwa. Mwaka 2017 Natasha Holmes, Carl Wieman (aliyepata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2001) na wenzao walichapisha uchunguzi wa kozi 9 za maabara katika vyuo 3, uliohusisha karibu wanafunzi 3,000. Maabara katika kozi hizo ilikuwa ya hiari: wengine waliichukua, wengine waliiacha, lakini wote walikaa mtihani mmoja. Ungeweza kudhani ulinganisho kama huo hauna maana, kwa kuwa wanaochagua maabara huenda ni wanafunzi bora tangu mwanzo. Watafiti waliliona hilo. Hawakulinganisha alama za jumla. Waliyatenga maswali ya mtihani yanayogusa mada zilizofanyiwa majaribio na yale yasiyozigusa, kisha wakatazama kama waliokwenda maabara waliwazidi wenzao zaidi katika kundi la kwanza kuliko la pili. Hawakuwazidi. Faida ya maabara katika kuielewa nadharia ilitoka sifuri, ndani ya mipaka ya vipimo vyao.

Kuna pigo la zamani kidogo pia. Mwaka 2005 Noah Finkelstein na wenzake katika Chuo Kikuu cha Colorado waliwapa baadhi ya wanafunzi programu ya kompyuta inayoigiza saketi za umeme, na wengine wakapewa betri, nyaya na balbu za kweli. Waliotumia programu walielewa zaidi nadharia ya saketi. Zaidi ya hapo, walipopewa vifaa halisi ambavyo hawakuwa wamevitumia, waliijenga saketi na kuieleza vizuri kuliko wenzao waliovishika tangu mwanzo. Sababu haiko mbali. Kwenye programu elektroni zinaonekana zikitembea. Mezani unaona waya, na nusu ya muda unautafuta ule uliolegea.

Basi kama lengo la maabara ni kumfanya mwanafunzi aielewe kanuni ya Ohm kuliko alivyoielewa darasani, kesi imekwisha na washtaki wameshinda. Ongeza saa ya mazoezi ya maswali, gawa programu, funga chumba.

Lakini nani alisema hilo ndilo lengo? Nadharia ya penduli, yaani kitu kinachobembea kwenye uzi, mwanafunzi anaweza kuielewa kikamilifu ubaoni. Asichoweza kukipata ubaoni ni jibu la swali hili: namba niliyoipima ina thamani gani, na itanibidi nifanye nini ili niiamini zaidi? Hapo ndipo jaribio lile lile la uzi na tufe, linalochosha kuliko yote, linapogeuka kuwa somo zito.

Chukua uzi wa mita 1. Kitabu kinasema penduli hiyo inakwenda na kurudi kwa takribani sekunde 2.006, na kwamba pembe unayoiachilia haijalishi. Sasa mwambie mwanafunzi apime kwa pembe ya nyuzi 10, kisha ya nyuzi 20, alinganishe. Akipima mbembeo mmoja mmoja, kidole chake kwenye stopuwochi kitapotea kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na namba zote mbili zitaonekana sawa. Kitabu kimeshinda, na kwenye maabara ya kawaida kila mtu angefungasha aende zake. Mwalimu akimwambia punguza mashaka ya kipimo chako (kiasi ambacho namba yako huenda imepotoka) urudie, mwanafunzi atagundua mwenyewe kwamba akihesabu mibembeo 50 kwa mkupuo na kugawanya, kosa la kidole nalo linagawanywa kwa 50. Na ghafla namba mbili hazilingani tena. Tofauti kati ya nyuzi 10 na 20 ni ndogo, kama 0.6 kwa mia, yaani sekunde 0.01 hivi kwa kila mbembeo, lakini ikikusanywa katika mibembeo 50 inafika nusu sekunde hivi, na hiyo hata kidole kizembe huiona. (Mwenye macho atalalamika kwamba penduli haibaki kwenye nyuzi 20 muda wote huo kwa sababu hewa inaipunguza kasi. Ni malalamiko mazuri, na yanastahili alama kuliko jibu lenyewe.)

Mwanafunzi huyo sasa ameshika mkononi mpaka wa kanuni aliyofundishwa. Kanuni ya kitabuni ni kadirio linalofaa pembe ikiwa ndogo tu. Mwalimu alilisema darasani kwa sentensi moja, na sentensi hiyo haikumwingia mtu.

Mfano huu haukuzuliwa mezani. Holmes, Wieman na Doug Bonn waliujaribu katika Chuo Kikuu cha British Columbia na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Wanafunzi waliofundishwa kulinganisha vipimo, kupima ukubwa wa tofauti dhidi ya mashaka, kisha kuboresha na kurudia, walikuwa mara 12 zaidi ya kundi la kawaida katika kupendekeza au kufanya marekebisho ya mbinu zao kwa hiari yao, na mara 4 zaidi katika kuitambua na kuieleza kasoro ya nadharia kwa kutumia data zao wenyewe. Tazama majina ya waandishi: baadhi ya hao hao walioionesha maabara kuwa butu ndio walioionesha kuwa na makali. Kilichobadilika ni kazi iliyopewa.

Na anayedhani jibu linalojulikana mapema huwaharibu wanafunzi wavivu tu, amkumbuke mwanafizikia Robert Millikan. Vipimo vyake vya chaji ya elektroni kwa matone ya mafuta vilimsaidia kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 1923, lakini namba yake ilikuwa chini kidogo kuliko ilivyopaswa, kwa sababu alitumia thamani isiyo sahihi ya mnato wa hewa. Mwanafizikia Richard Feynman, akiwahutubia wahitimu wa chuo cha Caltech mwaka 1974, alisimulia kilichofuata: waliopima baada ya Millikan walipata namba iliyomzidi kidogo, waliofuata wakazidi kidogo tena, ikapanda polepole hadi ilipotulia. Aliyepata namba ya juu mno alitafuta kosa mpaka akaliona. Aliyepata namba ya jirani na Millikan hakujisumbua kutafuta. Ikiwa wataalamu waliteleza hapo, kijana wa miaka 19 anayesubiri alama atasimamia wapi?

Hata hiyo 9.81 si takatifu. Mchapuko huo ni karibu 9.78 kwenye ikweta na 9.83 kwenye ncha za dunia, kwa hiyo mwanafunzi aliye karibu na ikweta anayepima 9.78 kwa uangalifu na kukatwa alama kwa "kosa" ameadhibiwa kwa kupata jibu sahihi.

Upande wa pili una hoja ambazo wapenzi wa maabara huru, zile zinazomwachia mwanafunzi maamuzi, huzipita kimyakimya. Ya kwanza ni watu. Mwongozo wa hatua kwa hatua unasimamiwa na msaidizi yeyote. Maabara ya maamuzi inataka msaidizi anayejua lini anyamaze, na kumwandaa huyo ni kazi. Ya pili ni kwamba uhuru haugawanyiki sawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ukiwa na Holmes tena miongoni mwa waandishi, ulikuta kwamba katika maabara zisizo na mpangilio mkali wanaume walielekea kushika vifaa na wanawake kubaki na kompyuta, mgawanyo ambao haukujitokeza hivyo kwenye maabara za kizamani. Mwongozo mkali, pamoja na ubutu wake, angalau unampa kila mtu zamu. Hoja hii haifi kwa kusema tu kwamba wanafunzi wabadilishane. Lazima mwalimu apange nani anagusa nini, na lini.

Ya tatu, kwamba daktari au mwanabiolojia mtarajiwa hana haja ya haya, ndiyo dhaifu kuliko zote. Huyo atatumia maisha yake yote akisoma namba kutoka kwenye mashine na kuamua kama 5.1 ya leo ni tofauti kweli na 4.8 ya juzi. Penduli ataisahau, na hana hasara. Lile swali la tofauti dhidi ya mashaka atakutana nalo kila siku ya kazi.

Kwa hiyo ningeiacha kozi iwe ya lazima kwa wote, ila ningeiachisha kazi ya kuuthibitishia umma kwamba Newton hakukosea. Safu ya "asilimia ya kosa kutoka thamani halisi" ningeiondoa kwenye fomu ya ripoti, kwa kuwa ndiyo inayowasha jiko la kupikia data. Alama ningezipeleka kwenye mambo ambayo sasa hayana alama: uamuzi wa kurudia kipimo, sababu ya kuurudia, na maelezo ya kwa nini namba mbili zinahesabiwa sawa au tofauti. Kusahihisha hayo huchukua muda zaidi kuliko kulinganisha jibu na 9.81, na chuo kisicho na wasaidizi wa kutosha kitaona ni mzigo. Chuo hicho kipunguze majaribio ya muhula kutoka kumi hadi manne, na kila moja lifanywe kwa wiki mbili.