Kipaza sauti tumewapa, daftari la fedha je?

Jumamosi nne mfululizo vijana wa usharika mmoja hapa Moshi waliosha magari kwenye uwanja wa kanisa. Pikipiki 2,000, gari dogo 5,000, Noah 8,000. Walipofunga hesabu walikuwa na shilingi 486,000. Walitaka jambo moja: ibada fupi ya alfajiri kila Jumatatu kwenye kijiwe cha bodaboda kilicho jirani na kanisa, pamoja na chai na maandazi, kwa sababu kwa dereva wa bodaboda Jumapili ni siku ya kazi, tena ndiyo siku ya abiria wanaokwenda kanisani. Fedha wakaiingiza kwenye akaunti ya usharika kama utaratibu unavyodai. Kuitoa kulichukua wiki tisa. Barua ya kwanza ilirudishwa kwa sababu haikupitia kamati, ya pili ikasubiri kikao cha baraza la wazee, kikao kikaahirishwa kwa ajili ya msiba, na zamu yao ilipofika mtu akauliza: "Hao watakaosimamia ni akina nani, na wanajulikana?"

Nilikuwemo kwenye kikao hicho kama mzee wa kanisa. Waliokuwa wanaulizwa kama wanajulikana walibatizwa pale pale, wakapata kipaimara pale pale, na wawili kati yao huongoza sifa kila Jumapili mbele ya macho yetu. Kipaza sauti tuliwapa miaka mingi iliyopita. Kilichotushinda ni kuwaachia laki nne na themanini na sita walizozitafuta wenyewe kwa ndoo na sabuni.

Naliandika jambo hili nikiwa na uchungu nalo, lakini nataka kulipima kwa haki, kwa kuwa aliyeuliza swali lile ni mama mhazini wetu, na hajawahi kula senti ya kanisa. Hoja yake inastahili kusikilizwa hadi mwisho.

Nianze na vijana. Katika sharika za Kilutheri za mkoa huu kila mtu anajua maana ya "kuhitimu kanisa". Mtoto anahudhuria mafundisho ya kipaimara, siku inafika, nguo nyeupe, picha, pilau, shangazi katoka Dar es Salaam. Baada ya Jumapili hiyo unamwona tena kwenye harusi ya dada yake. Makanisa yameliona pengo hilo na jibu lake limekuwa kuwavuta warudi: tamasha, mkesha, kongamano la Pasaka, semina ya uchumba, semina ya ujasiriamali, vyombo vipya vya muziki. Sina neno baya juu ya hayo. Nimeona vijana wakiacha gongo kwa sababu ya mkesha mmoja. Ila kijana akisharudi, tunamrudisha afanye nini?

Tazameni vyuo vyetu. Mji huu una Chuo Kikuu cha Ushirika, una Mwenge, una Stefano Moshi, una chuo cha udaktari pale hospitali ya KCMC. Huko vyama vya wanafunzi Wakristo kama TAFES, na vile vya wanafunzi Wakatoliki, huendeshwa na wanafunzi wenyewe. Binti wa miaka 22 ni katibu: anaandika muhtasari, anaalika mhubiri, anasuluhisha ugomvi wa wanakwaya, anatafuta nauli ya watu arobaini kwenda mkutano Dodoma, na wanarudi salama. Miezi mitatu baada ya mahafali yuko usharikani kwao anapanga viti vya wageni. Katiba ya nchi inamruhusu Mtanzania wa miaka 21 kugombea ubunge. Sisi tunamwambia wa miaka 27 asubiri akue.

Wala si jambo ambalo kanisa halijalitafakari. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo kanisa letu la Kilutheri la Tanzania, KKKT, ni mwanachama wake, liliamua kwenye mkutano mkuu wa Budapest mwaka 1984 kwamba vijana wawe asilimia 20 ya wajumbe wa vyombo vyake. Wenzetu Wakatoliki nao walikuwa na sinodi nzima ya maaskofu juu ya vijana kule Roma, Oktoba 2018. Huku chini tunakoishi, kiti cha vijana huwa kipo. Shida ni nani anakikalia. Sera ya taifa ya maendeleo ya vijana ya mwaka 2007 ilimhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Kanisani kwetu umri hauangaliwi sana, ndoa ndiyo inayoangaliwa. Bwana ambaye hajaoa anaweza kubaki "kijana" hadi nywele zianze mvi, na ndiye anayetumwa dayosisini kama mwakilishi wa vijana. Binti akiolewa akiwa na miaka 23, Jumapili inayofuata ni wa idara ya wanawake, na huko yeye ndiye mdogo kuliko wote, kazi yake ni kukata vitunguu. Nimewahesabu kwenye usharika wetu tu mabinti wanne waliokuwa viongozi wazuri wa vijana, na pete iliwanyamazisha wote. Hili linaniumiza kuliko lile la fedha, na sijawahi kulisikia likiwekwa kwenye ajenda ya kikao chochote.

Sasa upande wa wazee.

Kwanza, fedha yenyewe. Anayewalaumu wazee kwa ukali wa hesabu na aje akae mnadani baada ya ibada, sadaka za mazao zinapouzwa. Mkungu wa ndizi, chupa ya maziwa, kuku aliyefungwa miguu, mayai matatu ndani ya kitambaa. Yale mayai matatu yametoka kwa bibi ambaye nyumbani kwake hakubaki na mengine. Mama mhazini humjua kila aliyeleta. Anapodai risiti ya maandazi, anamwona yule bibi. Kwenye kikao chetu alisema neno ambalo limekataa kunitoka: "Siwanyimi kwa kuwa ni vijana. Nawanyima kwa kuwa zikipotea, kesho mtaa mzima utasema watoto wa kanisa ni wezi, na hawatarudi tena humu ndani."

Namuelewa, kwa sababu yalinikuta. Nikiwa na miaka 24 nilikuwa mhazini wa vijana katika usharika mwingine. Tulisafiri kwenda kuimba Same, tukarudi, na kwenye hesabu zangu ikakosekana elfu sabini. Hakuna aliyeiba. Tulinunua maji na chakula barabarani, basi likaharibika, tukalipa Hiace mbili, na mimi sikuandika popote. Karibu mwaka mzima nilikaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya baraka ya mwisho. Aliyeniokoa ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyenifuata nyumbani na daftari la mistari, akalichora safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Alinifundisha jioni mbili. Hadi leo hesabu za duka langu naziandika kwa safu zile. Kwa hiyo mtu akisema kwamba madaraka kabla ya wakati huweza kumvunja kijana, siwezi kumbishia. Lakini mambo haya mawili sikuyaelewa siku zile: hakuna aliyenionyesha daftari kabla ya safari, na walionipa cheo hawakunipa mtu wa kuniuliza siku ya tatu, "Mwanangu, umeandika?"

Pili, vijana wetu hawakai. Huyu ameitwa kazini Mwanza, yule amefuata mume Arusha, mwingine kamaliza chuo. Mwenyekiti anachaguliwa Januari, Agosti yuko Dar es Salaam na simu hapokei. Desemba wote wanarudi, kanisa linafurika hadi nje, na kwa wiki mbili unadhani hatuna tatizo. Mzee anayepanga ujenzi wa miaka sita ana sababu ya kutomtegemea mtu ambaye makazi yake ni begi.

La mafundisho nalisema kwa ufupi. Wapo vijana wanaobeba kila wanachokisikia kwa mhubiri wa kwenye simu na kukileta madhabahuni. Wazee huogopa, na mara nyingine wana haki. Ila wapo wazee nao wanaosikiliza wahubiri haohao.

Mabishano haya kila mara huishia kwenye waraka ule mmoja, wa kwanza kwa Timotheo. Vijana hushika sura ya nne, mstari wa 12, kwamba mtu asiudharau ujana wa Timotheo. Wazee hugeuza ukurasa hadi sura ya tano, mstari wa 22, kwamba asimwekee mtu mikono kwa haraka. Tunasahau kwamba maneno yote mawili aliandikiwa mtu mmoja. Yule kijana aliyeambiwa asidharauliwe ndiye aliyepewa pia mamlaka ya kupima wengine, na Paulo alikuwa ametembea naye miji mingi kabla ya kumwachia Efeso.

Historia ya kanisa la mlimani nayo husomwa nusunusu. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakaanzia Machame. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza wakawaondoa Wajerumani mwaka 1920, na wakaanza kurudi tu kuanzia 1925. Walutheri wa sinodi ya Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache kwa kazi iliyokuwepo. Shule na makusanyiko yakabaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa walimu wenyeji, wengine bado vijana. Waliongoza ibada, walifundisha, waliamua mashauri, na kazi haikufa. Wachungaji wa kwanza wenyeji waliwekewa mikono mwaka 1934. Kijana akisoma habari hiyo atasema: mnaona, kazi ilikuja kwanza, cheo kikafuata. Mzee atasema: mnaona, walipimwa miaka mingi. Wote wawili wanasema kweli. Ninachokiona mimi ni kwamba walipimwa wakiwa ndani ya kazi yenyewe, na funguo za shule zikiwa mfukoni mwao. Sisi tunadai kuwapima vijana huku kazi tumeifungia kabatini.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baraza langu. Semina za uongozi tunazoziandaa kila mwaka zina mtoa mada, fulana na chakula kizuri cha mchana, na somo kuu ni maono. Sijawahi kuona semina ambayo kijana ametoka akijua kuandika muhtasari wa kikao, kusoma taarifa ya benki, au kumwambia mkubwa "hapana" kwa adabu. Mambo haya hufundishwa kwa kuyafanya, mtu mzima akiwa pembeni, kama mwalimu yule na daftari lake. Hasara ya elfu ishirini kwenye maandazi ni karo nafuu kuliko ukumbi wa semina.

Kuhusu wanaohamahama, napendekeza tuache kuwadai kipindi kizima cha uongozi. Mwaka mmoja unatosha, na makamu ajifunze tangu siku ya kwanza. Akihamia Mwanza, usharika wa Mwanza umepata katibu aliyekwisha kufundishwa, na hilo si hasara kwa Mungu yuleyule.

Na huduma ya nje tuiweke kwa kalenda ya wanaofuatwa. Chukueni wapagazi wa mlimani, wale tunaowaita wagumu. Msimu ukichanganya kuanzia Juni, kijana anapanda na wageni siku sita au saba, anashuka, analala usiku mmoja, anapanda tena. Jumapili nne zinapita hajaliona kanisa, na kwenye daftari la mahudhurio anaonekana mtoro. Ni mgumu mmoja wa umri wa miaka 26, fundi wa gitaa, aliyetuambia kwamba vijana wenzake husali pamoja kambini kabla ya kulala, mmoja akishika tochi na mwingine akisoma. Pale kuna kusanyiko lenye kiongozi, na hakuna mzee wa kanisa aliyemchagua. Swali ambalo baraza lilipaswa kumuuliza ni kama anahitaji Biblia ndogo zisizoogopa mvua. Tulimuuliza kuhusu bahasha ya ahadi ya sadaka.

Ibada ya kijiweni ilianza hatimaye, wiki ya kumi. Jumatatu ya kwanza walikuja madereva saba, ya tatu kumi na tisa, ya nne kumi na wawili kwa sababu ya mvua. Mmoja aliomba aombewe mtoto aliyelazwa hospitali ya Mawenzi, na siku hiyohiyo jioni vijana watatu walikwenda kumwona bila kusubiri kibali cha mtu.

Nimeandika barua kwa baraza kuomba vijana watengewe shilingi 300,000 kila robo mwaka, waisimamie wenyewe bila barua ya kila safari, na mhazini wao awe yule dada aliyeolewa mwaka jana na kupelekwa jikoni. Mama mhazini nilimwendea nyumbani kwanza, maana bila yeye barua haitapita. Alisoma mara mbili, akavua miwani. Amekubali kumpokea yule dada kila Alhamisi jioni kwa miezi mitatu, na sharti lake ni moja: aje na daftari, na risiti ziwe zimebandikwa kwa tarehe.