Liwa, Bakuchioli na Ngozi ya Mwambao: Mimea Inazuia Uzee wa Uso Kiasi Gani?

Ukiuliza Lamu ni kitu gani kinachozuia uso kuzeeka, utapata majibu mawili yasiyopatana. Wazee wa Mkomani watakuambia ni liwa iliyosuguliwa juu ya jiwe kwa marashi mawaridi, singo ya maua na mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani, na ushahidi wao ni mabibi wa miaka sabini wasio na makunyanzi. Wajukuu wao huagiza seramu kwa simu, zikavuka kwa boti kutoka Mokowe, na jibu lao ni kwamba liwa ni ya harusi, uso unataka retinoli, kiambato cha jamii ya vitamini A. Kati ya pande hizo sasa zimeingia chupa ndogo zenye mchoro wa jani, zikiwemo za bakuchioli, kiambato cha mmea, zinazoahidi nguvu ya maabara pamoja na upole wa mmea.

Naona pande zote zinaruka swali lenye uzito. Ndani ya mmea huo kuna kitu gani hasa, kwa kiasi gani, kinafika wapi ndani ya ngozi, na kilijaribiwa kwa ngozi ya nani?

Tuanze na mabibi, kwa sababu hoja yao ina nguvu kuliko wajukuu wanavyodhani, ingawa sababu wanayoitoa siyo. Ngozi ya mtu mzima hupoteza takriban asilimia 1 ya kolajeni yake, protini inayoipa uimara, kila mwaka, na hilo halimwachi mtu. Kinachotenga uso na uso ni jua. Miale ya UVA, sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, hupenya hadi tabaka la ndani la ngozi na kuamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni na elastini, protini inayoifanya ngozi ivutike na kurudi. Hupita hata kwenye kioo cha dirisha. Lamu iko nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta, na maji ya bahari humrudishia mtu usoni sehemu ya mwanga uliopita pembeni ya kofia. Mtazame nahodha aliyezeekea chomboni. Shingo na paji la uso vimejikunja, lakini mwambie ainue mkono uone ngozi ya upande wa ndani, kuanzia kwapani: bado laini. Miaka ni ile ile na mwili ni ule ule.

Mabibi waliishi vipi? Walitoka kwa buibui, wakapita vichochoro ambavyo kuta zake ndefu za matumbawe haziruhusu jua ila karibu na adhuhuri, na kazi zao nyingi walizifanya ndani. Juu ya hayo walikuwa na melanini, ile rangi ya ngozi. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 1979 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hukinga miale ya UVB, ile inayounguza ngozi kwa juu, kwa kiwango cha kinga ya jua (SPF) cha wastani wa 13.4, ilhali la ngozi nyeupe ni 3.4. Kaka zao waliokwenda baharini walikulia nyumba zile zile, wakapakwa mafuta ya nazi yale yale utotoni, na nyuso zao hazikusalimika. Nikiulizwa ni nini kilichowatunza mabibi, nitataja kivuli kwanza, kisha rangi yao, na liwa nitaitaja nyuma sana.

Hilo haliivunjii liwa heshima yake. Singo hupangusa seli zilizokufa na kuacha ngozi inang'aa, jambo analolijua kila somo aliyewahi kumtoa bi harusi ndani. Mafuta ya nazi huzuia maji yasitoke ngozini. Jaribio moja la 2004 lilikuta mafuta ya nazi yasiyopitishwa kwenye moto mkali yanalainisha ngozi kavu sawa na mafuta ya madini. Ngozi yenye maji huficha mikunjo midogo. Faida hiyo ni ya kweli, huonekana siku hiyo hiyo, na hukoma ukiacha kupaka. Kujenga kolajeni upya ni kazi nyingine kabisa.

Kazi hiyo ndiyo iliyoipa retinoli jina. Mwaka 1986 Albert Kligman na wenzake walichapisha nchini Marekani matokeo ya tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, kwa ngozi iliyoharibiwa na jua, na majaribio yaliyofuata yakaonyesha tena na tena kwamba mikunjo midogo hupungua na kolajeni mpya hujengwa. Retinoli ni ya jamii hiyo hiyo, hafifu zaidi, na huuzwa bila karatasi ya daktari. Hakuna kiambato cha mmea chenye ushahidi mwingi kiasi hicho, na anayetetea mimea aanze kwa kulikubali hilo.

Kiambato kinachokaribia ni bakuchioli. Hutolewa kwenye mbegu za mmea wa Psoralea corylifolia, uitwao babchi huko India, ambao umetumika karne nyingi katika tiba za kijadi za India na China. Bakuchioli haina undugu wa kikemia na vitamini A. Hata hivyo, utafiti wa maabara wa 2014 ulionyesha kwamba huamsha ndani ya seli za ngozi jeni nyingi zile zile zinazoamshwa na retinoli. Kisha yakaja majaribio ya watu, yaliyochapishwa 2019 katika jarida la Uingereza la madaktari wa ngozi. Watu 44 waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapaka bakuchioli ya asilimia 0.5 asubuhi na usiku, jingine retinoli ya asilimia 0.5 usiku tu, kwa wiki 12. Makundi yote mawili yalipungukiwa na mikunjo na madoa, bila tofauti ya maana kati yao. Waliopaka retinoli ndio waliobambuka na kuchomwa ngozi zaidi.

Mwenye shaka ana mengi ya kusema hapa, na sioni njia ya kumnyamazisha. Watu 44 ni wachache. Wiki 12 ni muda mfupi kwa jambo linalochukua miaka 30 kujitokeza. Kundi moja lilipaka mara mbili kwa siku na jingine mara moja, kwa hiyo hatukupima kitu kwa kitu kwa usawa. Halafu makundi mawili madogo yakikosa kutofautiana, huenda yanalingana, na huenda pia tofauti ipo ila idadi ya watu haikutosha kuifichua. Ule utafiti wa 2014 nao uliongozwa na mtu ambaye kampuni yake inauza bakuchioli; hilo haliufanyi uwe uongo, lakini mnunuzi ana haki ya kulijua kabla ya kutoa fedha zake.

Pamoja na hayo yote, kuna jambo ambalo wenye shaka hulipita haraka, nami naliona ndilo kubwa kwetu. Majaribio mengi ya krimu za kuzuia uzee yamefanywa kwa ngozi nyeupe, na kipimo kikuu kikawa mikunjo. Ngozi nyeusi huchelewa kukunjika. Uzee wake hujitokeza kwanza kwa rangi: madoa mashavuni, weusi kuzunguka macho, uso usio na rangi moja. Na ngozi hiyo ikiwashwa, ikaungua au ikabambuka, huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Kwa mzungu, kubambuka kwa retinoli ni kero ya wiki chache. Kwa mwanamke wa mtaa wa Langoni, Lamu, kero hiyo hiyo inaweza kumzalishia ugonjwa ule ule aliokuwa anautibu.

Ushahidi wa jambo hili upo pande zote mbili. Mwaka 1993 yalichapishwa majaribio ya tretinoini ya asilimia 0.1 kwa watu weusi 54 wenye madoa yaliyoachwa na uvimbe wa ngozi, kwa wiki 40. Madoa yalififia kuliko kwa waliopaka krimu tupu. Wanaotetea retinoli wana haki kulitaja hilo. Lakini karibu nusu ya waliopaka dawa walipata muwasho na kubambuka wakiwa njiani, na hao walikuwa chini ya macho ya madaktari. Binti anayejipaka seramu aliyoipata kwa simu hana daktari wa kumwambia apunguze. Ndiyo maana kwa ngozi zetu upole wa kiambato si pambo la tangazo. Kitu kinachofikia nusu ya kazi ya retinoli bila kuichoma ngozi kinaweza, mwisho wa mwaka, kumwacha mtu mweusi na uso mzuri zaidi.

Basi mmea umeshinda? Hapana, maana kile kilichojaribiwa ni bakuchioli iliyosafishwa. Mbegu ya babchi yenyewe ina psoraleni, kemikali inayoifanya ngozi iungue upesi inapopigwa na UVA. Madaktari huitumia kwa makusudi, pamoja na taa maalumu, kutibu mbalanga. Anayeagiza unga wa mbegu hizo kwa sababu ni wa asili zaidi kuliko seramu, akajipaka, kisha akaketi barazani saa sita, anajiletea malengelenge. Kemikali za jamii hiyo zimo pia ndani ya ndimu. Wako wanaojipaka maji ya ndimu usoni wakiamini wanapata vitamini C, wakaenda nayo juani. Vitamini C inayofanya kazi huhitaji asidi askobiki kwa kipimo maalumu, katika maji yenye uchachu mkali, yaani pH ya chini ya 3.5, kwenye chupa isiyopitisha hewa wala mwanga; na kwa joto letu hata seramu nzuri hugeuka kahawia upesi, na ikishageuka imekwisha kazi. Hapa mmea ulisaidia kwa njia nyingine. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba asidi feruliki, ipatikanayo kwenye pumba za mchele, ikichanganywa na vitamini C na E huongeza maradufu kinga yao dhidi ya jua. Walilipima hilo kwa ngozi ya nguruwe, kwa hiyo lichukuliwe kwa uzito huo.

Manjano? Unga wake una asilimia 3 hivi ya kurkumini, ambayo haipendi maji na huvunjika kwenye mwanga. Mng'ao wa siku ya harusi ni haki yake. Makunyanzi siyaingizi humo. Zipo pia krimu zinazotangazwa kuwa na kolajeni ya mimea. Mimea haitengenezi kolajeni. Na hata ingekuwa nayo, wanasayansi wana kanuni waliyoieleza mwaka 2000 kwamba kitu ambacho molekuli yake ina uzito wa zaidi ya daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupita kwa shida sana kwenye tabaka la juu la ngozi. Bakuchioli ina daltoni 256, retinoli 286. Kolajeni ina takriban 300,000.

Piko inanisikitisha zaidi ya vyote. Hina ni jani na haina makosa mengi. Lakini maua meusi yanayochorwa pembeni yake mikononi mwa mabibi harusi hutokana na rangi ya nywele yenye parafenilinidiamini, na kwa baadhi ya watu huacha malengelenge na makovu yenye umbo la ua lile lile. Msichana huikubali kwa kuwa imekaa sinia moja na hina. Krimu za duka hutumia ujanja huo huo: jani kwenye kifuniko, kisha ndani haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, au zebaki. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje ya nchi vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni, na bado mkorogo unauzwa.

Jaribio ninaloliheshimu kuliko yote halikuwa la mmea wala la retinoli. Lilifanyika Nambour, Queensland, Australia, na sehemu inayohusu uzee wa ngozi ilichapishwa 2013. Watu 903 wa chini ya miaka 55 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu. Waliopaka mafuta ya kukinga jua kila siku walikuwa na dalili za kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka wapendavyo. Ndani ya jaribio hilo hilo baadhi walimeza vidonge vya beta karotini, rangi ile inayopatikana kwenye karoti na maembe, miligramu 30 kwa siku. Kwa jumla havikubadili kitu. Washiriki walikuwa watu weupe, lakini kazi ya UVA kwenye kolajeni ni ile ile kwetu, na sisi jua tunalo mwaka mzima, kaskazi na kusi.

Kwa hiyo mtu wa miaka arobaini, mweusi, mwenye madoa, ambaye retinoli ilimchoma, nitamwambia ajaribu bakuchioli ya asilimia 0.5, kwanza siku kadhaa ndani ya mkono, kisha usoni asubuhi na usiku kwa miezi mitatu, akipaka kinga ya jua kila asubuhi. Bila hiyo kinga asinunue chochote. Ambaye ngozi yake inaivumilia retinoli sioni sababu ya kumhamisha. Mjamzito aiache retinoli, na kwa kuwa bakuchioli haikujaribiwa kwa wajawazito, nayo aiweke mpaka ajifungue. Mafuta ya nazi na kivuli vitamtosha. Muuzaji naye aandike kwenye chupa asilimia ya kiambato na tarehe ya kutengenezwa, kwa Kiswahili.

Na vyuo vyetu vya udaktari vina kazi inayowangoja. Wachukue watu wa Pwani mia kadhaa, mabaharia wakiwemo, wawape bakuchioli na retinoli kwa idadi moja ya kupaka, kwa mwaka mzima, na kitu cha kwanza kupimwa kiwe madoa badala ya mikunjo, maana madoa ndiyo yanayowapeleka watu kununua mkorogo.